Hita ya karavani inavuja nyuma, nimebadilisha nipeli bado inadondosha. Mafundi nisaidieni

MwanaPongwe:
Wakuu salaam. Niko Sharjah, ajira yangu udereva wa familia, lakini mnazijua kazi za huku: ukionekana umeshika spana siku moja, kila kilichoharibika ni chako. Bosi ana karavani ya Kimarekani, ile ya kuvutwa na gari, na sasa hivi ndio msimu wa kwenda jangwani na watoto. Hita yake ni ya galoni 6, kama lita 23 hivi, ya gesi na umeme.

Kwa nyuma, pale juu yanapotokea maji ya moto, nipeli ya plastiki, kile kipande kifupi cha bomba chenye meno ya hesi, ilipasuka. Nikanunua ya shaba duka la mtaani, nusu inchi, nikazungusha tepu nyeupe, ikaingia bila tabu. Pampu ikijaza tu, tone, tone. Nimeongeza tepu mpaka nipeli imevimba, wapi! Mbao za sakafu zimeanza kulainika. Fundi wa karavani anasema hita nzima ibadilishwe, na bei aliyoitaja siwezi kumpelekea bosi. Natanguliza shukrani.

Kipara_wa_Kongowea:
Paka silikoni kwa nje, iache usiku kucha. Kwisha habari.

BintiSaidi:
@Kipara jamani! Silikoni ya nje mbele ya maji ya moto yenye presha? Itamfikisha hapohapo getini.

FundiMagomeni:
Kaka, kwanza hakikisha tone linaanzia wapi, maana maji yanatembea. Kausha kila kitu, viringisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, washa pampu bila kuwasha hita. Karatasi itakayolowa mwanzo ndiyo yenye kesi.

Halafu angalia ile nati ya plastiki inayoshika bomba kwenye nipeli. Kama ndani ina washa (pete) ya mpira, pale tepu haihusiki kabisa, washa ndiyo inayoziba. Ukiweka tepu unaizuia isikae vizuri. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Tepu ni ya hesi zinazoingia kwenye tangi tu.

MwanaPongwe:
Nimefanya. Kwenye nati pakavu. Inayolowa ni ya hesi kwenye tangi.

Dereva_Houston:
Mkuu, hiyo nipeli umenunua Sharjah? Basi umeshapata jibu. Karavani ya Marekani ina hesi za NPT, yaani kiwango cha Kimarekani. Maduka ya mabomba huko, sawa na Kariakoo au Mombasa, yanauza BSP, kiwango cha Kiingereza. Zote zinaitwa nusu inchi, na kinachowaponza watu ni kwamba katika saizi hiyo zote zina hesi 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaingiliana. Lakini pembe ya jino la NPT ni digrii 60, ya BSP ni 55. Hazikai meno kwa meno. Hata ufunge tepu ya duka zima, maji yatapata njia.

FundiMagomeni:
Dereva kanena. Ukiwa na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, pima: nusu inchi ya BSP kwa nje ni karibu milimita 21, ya NPT ni 21.3. Ndiyo maana ikaingia bila tabu! Nipeli sahihi inaanza kubana mapema na inakataa kuisha yote ndani. Tafuta maduka yanayouzia watu wa mafuta na gesi au mipira ya haidroliki, huko NPT ipo.

Kabla ya kufungua: zima gesi na umeme, acha ipoe kabisa, zima pampu, fungua bomba la maji ya moto presha itoke, ndipo umwage tangi. Safisha hesi za tangi kwa brashi. Tepu mizunguko mitatu au minne, ukielekea upande wa kukaza. Na usilazimishe sana, ukipasua mdomo wa tangi ndipo yule fundi atakuwa amesema kweli.

BintiSaidi:
Na usiwashe umeme wa hita tangi likiwa tupu, elementi inaungua palepale. Ya Marekani pia ni ya volti 120, transfoma ya kushusha umeme ipo?

MwanaPongwe:
Transfoma ipo dada. Nipeli ya NPT nimeipata kwa watu wa haidroliki, dirham chache tu. Imebana kama Dereva na Fundi walivyosema, karatasi kavu tangu asubuhi. Mungu awalipe.

Swali dogo: hita ikipasha, ile valvu ya usalama ya nje inatoa matone kidogo. Nayo nibadilishe?

Dereva_Houston:
Usikimbilie kununua. Maji yakipata moto yanatanuka, na juu ya tangi lazima pawe na hewa kidogo ya kupokea. Ulipojaza upya pengine haikubaki. Zima hita, ipoe, zima pampu, fungua bomba la maji ya moto. Kisha inua mkono wa valvu mpaka maji yakome kutoka, uachie, funga bomba, washa pampu. Ikiendelea baada ya hapo, valvu imekwisha; nunua yenye kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye kibati chake, kwa kawaida presha ya psi 150. Na tundu lake usiwahi kuliziba, hata bosi akilalamikia matone.

Kipara_wa_Kongowea:
Silikoni yangu narudisha kabatini 😂