Wajat wa Punjab ni Waskithia kweli, au Mwingereza alituuzia mbuzi kwenye gunia?

BabuHistoria: Wakuu naomba tulijadili hili. Wajat, wale wakulima wa Punjab na Haryana, wapo Masingasinga, wapo Wahindu na Waislamu, wengi wanajinasibu na Waskithia, wapanda farasi wa nyika za Asia ya Kati. Na Wasaka, ambao ni Waskithia hao hao, kweli waliingia India karne ya 1 KK, wakashika Gandhara, kaskazini mwa Pakistan ya leo, na mji wa Mathura, baadaye Gujarat karne tatu na zaidi. Tazama sarafu za mfalme wao Azes, jamaa yuko juu ya farasi, upande mmoja maandishi ya Kigiriki, upande wa pili Kharoshthi, mwandiko wa kale wa huko Gandhara. Hata kalenda ya serikali ya India inahesabu mwaka wa Saka, kuanzia mwaka 78 BK. Sasa watu wote hao wameyeyuka? Mi nasema damu iko kwa Wajat, muangalie hata Kalasinga wa Nairobi, kimo kile na ndevu zile.

Kipanga_Mwanza: Mzee hiyo ni ya wakoloni. James Tod kaandika kitabu cha Rajasthan 1829, kaja Cunningham yule wa mambo ya kale, wakaona huku Jat, kule kwenye vitabu vya kale vya Ulaya kuna majina ya makabila kama Getae, basi wakasema ndugu hawa. Kwa hesabu hiyo Mchaga na nchi ya Chad ni mtu na binamu yake. Halafu ikawafaa kwenye jeshi, nani "kabila la vita" nani siyo. Ni kujitafutia babu wa mbali tu, kama Washirazi wetu wa pwani.

FundiKisumu: Babu shikamoo, lakini hapo kwa Kalasinga umenigusa. Sisi wengi wa huku Kenya sio Jat, ni Ramgarhia, maseremala, wahunzi na waashi, babu zetu waliletwa kujenga reli. Mimi nina futi tano na nusu, nimeshuka kutoka farasi gani?

Mwanamvita: We Kipanga ulianza vizuri ukaharibu mwishoni. Washirazi wameingiaje humu? 2023 wamepima DNA ya mifupa ya makaburi ya zamani, Mtwapa, Manda, Kilwa, wakakuta Waajemi, tena upande wa baba, kuchanganyika kumeanza kama mwaka 1000. Mabibi zetu Waafrika, hilo hatujakataa. Wewe babu yako wa mwaka 1000 unamjua?

Kipanga_Mwanza: Alikuwa anachunga ng'ombe Mwanamvita, hakuwa na shida na mtu 😂

Dk_Mtaani: Turudi India jamani. Damu ya nyika ipo kwa Wajat, tena nyingi, wao na majirani zao Waror wanawazidi wengi huko. Ila sehemu kubwa ya damu hiyo ilifika India kati ya 2000 na 1500 KK, Wasaka wamekuja zaidi ya miaka elfu baadaye, kwa hiyo ukipima ukakuta nyika haina maana umemkuta Azes. Na Waarabu walipoingia Sindh, kusini mwa Pakistan ya leo, karne ya 8 waliwakuta Wajat ni wafugaji, wakawaita Zutt, wengine wakaishia kwenye mabwawa ya Iraq. Mwanahistoria wa India Irfan Habib anasema walipanda taratibu hadi Punjab wakageuka wakulima, wakipata lile gurudumu la maji, ng'ombe anazunguka na vyungu vinapanda vimejaa. Mimi hiyo safari ndiyo naiona ya maana, sio ya farasi.

BabuHistoria: Sehemu kubwa sio yote Daktari. Wasaka wenyewe wametoka nyika hiyo hiyo, utawatenganishaje kwa kipimo? Na FundiKisumu marahaba mwanangu, ya ndevu nilisema kwa nia njema.

FundiKisumu: Nia njema sawa, lakini ndio yale yale, kila mwenye kilemba anaambiwa mwanajeshi. Gari yako ikizima Kibos Road humtafuti Mskithia, unatafuta fundi.

Mwanamvita: Bado namsubiri Kipanga kuhusu makaburi.

Kipanga_Mwanza: Mifupa ya watu 80 ndio pwani nzima? Hao wamezikwa vizuri karibu na misikiti ni matajiri, kapime na wavuvi.

Mwanamvita: Ahaa, sasa umeikubali DNA unabishia makaburi. Endelea.

Kipanga_Mwanza: Tukutane gurudwara ya Makindu, hekalu la Masingasinga, tumalizie, chakula pale bure.

Mwanamvita: Chakula nitakula. Kukusamehe, hapana.