Naomba ushauri: usafiri wa wamenyaji korosho, Mikindani na Naliendele

Wadau, habari zenu. Zamu ya kumenya inaanza saa 12 asubuhi kiwandani kwetu, Mtwara mjini. Wafanyakazi 40: 24 wa Mikindani, 16 wa Naliendele, kila upande kama kilomita 10.

Daladala ya alfajiri haiondoki mpaka ijae. Huku korosho imeshatoka kwenye tanuri. Ikikaa inavuta unyevu, ganda jembamba linagandamana na punje, kisu kinaivunja, na vipande bei yake ni ya chini. Mmenyaji analipwa kwa kilo, kwa hiyo kuchelewa kunamuumiza yeye kwanza.

Nauli mkononi sipendelei, itaishia kwenye unga wa ugali. Nafikiria Coaster moja, mizunguko miwili. Waliowahi kukodi: mkataba uwe wa siku au mwezi? Mafuta juu ya nani? Na ikiharibika alfajiri, nani analeta gari mbadala?