Mrejesho: Kaka yake nyanya aliyepotea vitani

Asalaam aleikum. Niliuliza nitafute wapi jina la kaka yake nyanya, askari wa mizinga aliyepanda meli Kilindini mwaka 1944 na asirudi Lamu. Aliyenielekeza makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, Mungu akulipe kheri.

Nimekwenda. Kaburi hana, ila jina limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu. Meli yenyewe ilikuwa Khedive Ismail, ikielekea Ceylon (Sri Lanka ya leo). Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldives, ikazama kwa kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Nyumbani siku zote tuliambiwa alifia Burma, kumbe hata hakufika.

Nilimwonyesha nyanya picha kwenye simu. Hajui kusoma herufi hizi, nikamsomea. Akanyamaza, kisha akapitisha kidole juu ya jina, taratibu, mara mbili. Akasema mama yao hakukubali asomewe hitima, kila jahazi likitia nanga alitoka kwenda kutazama.

Hitima tumeisoma Ijumaa, hapa mtaani Langoni. Halwa alinunua nyanya mwenyewe.