Pontiac GTO ya 1964: kweli ndiyo gari la misuli la kwanza Marekani?

Mleta mada: Wakuu, zikitajwa tu gari za misuli za Marekani (muscle car, yaani gari la kawaida lililotiwa injini yenye nguvu kubwa), mmoja atasema GTO ndiyo iliyoanzisha, mwingine atamrukia na Oldsmobile Rocket 88 ya 1949. Mimi niko na GTO, na sababu yangu si ukubwa wa injini.

Angalieni ilivyozaliwa. Januari 1963 General Motors (GM), mwenye Pontiac, ilizikataza kampuni zake kujihusisha na mashindano. Pontiac, ambayo sifa yake ilitokana na mbio, ikabaki mikono mitupu. Tena kulikuwa na kanuni kwamba gari la ukubwa wa kati lisiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama cc 5,400. John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac, na wenzake Bill Collins na Russ Gee wakaona kwamba ile V8 (injini ya silinda nane) ya inchi 389 (karibu cc 6,400) inakaa palepale inapokaa ya 326, maana kwa nje zinalingana.

Sasa ujanja wenyewe: kanuni ilihusu modeli mpya, haikugusa vitu vya kuongezea kwa oda. Kwa hiyo GTO haikuwa modeli! Unanunua Tempest LeMans, gari la kati la Pontiac, unaongeza kama dola 295, unapata injini ya nguvu za farasi 325, ekzosi mbili na springi ngumu. Ukitaka kabureta tatu, farasi 348. Watu wa idara ya mauzo walikubali zitengenezwe 5,000 tu. Mwaka ule zikatoka zaidi ya 32,000.

Mchangiaji 1: Mkuu, umesimulia vizuri ila swali umelikwepa. Wa kwanza ni wa kwanza. Rocket 88 ilikuwa V8 mpya ya farasi 135 ndani ya bodi nyepesi, na katika mbio 8 za msimu wa kwanza wa NASCAR (mashindano ya magari ya Marekani), Oldsmobile ilibeba 5. Chrysler C-300 ya 1955 ilitoka kiwandani na farasi 300. Halafu ile GTO iliyojaribiwa na kusifiwa na jarida la Car and Driver mwaka 1964 ilikuwa na injini kubwa zaidi ya 421, si 389 iliyouzwa kwa wateja. Jim Wangers, mtu wa matangazo wa Pontiac, alikuja kukiri mwenyewe. Sifa nyingine ni matangazo tu.

Mleta mada: La 421 sibishi. Hata jina lilichukuliwa kwa Ferrari bila aibu. Lakini C-300 ilizidi dola 4,000, hilo gari la mabosi. Kijana aliyeanza kazi juzi ataligusa wapi? GTO ilimlenga yeye. Na tazama walioiga: Oldsmobile 442 ilitoka 1964 hiyohiyo, Chevelle SS 396 ya Chevrolet ikafuata 1965. GM wenyewe wakapandisha kikomo hadi inchi 400. Nani alikimbilia kuiga C-300?

Mchangiaji 1: Kuigwa ni biashara, si historia. Bado sijashawishika.

Mchangiaji 2: Nyie mnagombania 1964, mimi nauliza ya 2004. Ile ni Holden Monaro ya Australia imebandikwa chata ya GTO, injini LS1 ileile ya Corvette, gari la michezo la Chevrolet. Inakwenda haswa, ila ukiiona barabarani hugeuzi shingo, na 2006 ikafa. Mnaihesabu au hamuihesabu?