Mjadala: Wadi za Watamu na Dabaso zibaki Kilifi Kaskazini au zihamie Malindi?

Mleta mada, Gede

Ndugu zangu wa Gede, Mida, Watamu na Dabaso, hamjambo. Swali hili linazuka kila tukikaa barazani, na watu huondoka wamenuniana. Wadi zetu mbili ziko eneobunge la Kilifi Kaskazini pamoja na Tezo, Sokoni, Kibarani, Matsangoni na Mnarani. Tubaki huko, au tuombe Malindi?

Mimi nasema tuhame. Simama njia panda ya Gede asubuhi yoyote uone watu wanaelekea wapi. Maembe yetu yanauzwa Malindi, nguo za sikukuu zinanunuliwa Malindi, kesi ya shamba ikifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi inasikizwa Malindi. Lakini ukitaka mambo ya mbunge, ugeuke upande wa pili: uuambae msitu wa Arabuko-Sokoke, upite Matsangoni, upite Tezo, ndipo uingie Kilifi. Mwendo huo ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Malindi.

Mwaka jana nilipeleka fomu ya basari ya binti wa marehemu dada yangu kwenye ofisi moja mjini Kilifi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuifumbata kifuani njia nzima. Kufika, naambiwa muhuri umeangukia juu ya jina, herufi mbili hazisomeki, nikajaze nyingine. Nikarudi Gede, nikajaza, kesho yake nikapanda tena. Nauli ya siku mbili ingemtosha yule mtoto daftari za muhula mzima.

Wazee wanakumbuka Gede ikihesabiwa Wilaya ya Malindi, ile iliyokatwa kutoka Kilifi miaka ya 1990. Eneobunge la Kilifi Kaskazini limekuja na mipaka ya 2012, maeneobunge yalipoongezwa kutoka 210 hadi 290. Naomba maoni, bila matusi.

Mwalimu, Dabaso

Kaka, pole kwa safari hizo. Nami nimezifanya. Lakini tupige hesabu kabla ya kufunga virago.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Ukigawa kwa 290, kila eneobunge linapata kama watu 164,000. Katiba, Kifungu cha 89, inaruhusu kuzidi au kupungua kwa asilimia 30, na asilimia 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache. Malindi si jiji, na watu si wachache. Kwa hiyo mwisho wake ni kama watu 213,000. Sasa hivi ina wadi tano: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella. Ukiongeza zetu zinakuwa saba, na Kilifi Kaskazini inabaki na tano. Mji wenyewe unafurika kila mwaka. Tutaenea?

Halafu pesa. Sehemu kubwa ya NG-CDF, ule mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya maeneobunge, hugawiwa kwa usawa, liwe lina watu wengi au wachache. Basari unayoilalamikia inatoka humo humo. Tukihamia kwenye watu wengi zaidi, chungu ni kile kile, sahani zimeongezeka. Utaokoa nauli, lakini mtoto atapata kidogo kuliko anachopata leo.

Mama muuza mboga, Mida

Mimi nataka kuuliza jambo moja tu, maji. Kuna vijana wanapita nyumba kwa nyumba wakisema tukiwa Malindi mifereji itatoka maji. Nani amewaambia?

Maji ni kazi ya kaunti. Zahanati, chekechea, ushuru wa soko, njia za vijijini, vyote ni kaunti, na Malindi na Kilifi Kaskazini ziko kaunti moja, gavana mmoja. Maji yanavutwa Mto Sabaki kule Baricho, yanapelekwa mpaka Mombasa, nami hapa nanunua kwa dumu la lita ishirini. Jana nimenunua manne: mawili ya mchicha, mawili ya nyumbani. Mpaka wa mbunge ukisogea, madumu yangu yatabaki manne. Hameni mkitaka, lakini msiniombe saini kwa ahadi ya maji.

Kijana wa mashua, Watamu

Naunga mkono Malindi. Wageni wetu wengi wanashukia uwanja wa ndege wa Malindi. Ila wanaosema tutapata fungu la ada za hifadhi ya bahari wajue pesa hizo zinaenda KWS, shirika la taifa la wanyamapori. Mji wowote hauzigusi.

Mleta mada, Gede

Mama, umesema kweli, na ilinipasa kulisema mwanzo. Kinachohama ni mbunge, kura na basari. Maji tuyadai kwa gavana, tukiwa upande wowote. Anayechanganya mambo haya mawili anatuharibia ombi.

Mwalimu, hesabu yako imenikosesha usingizi. Kuomba eneobunge letu wenyewe ni vigumu sana, maana idadi ya 290 imeandikwa ndani ya Katiba. Lakini Kifungu hicho hicho cha 89 kinaitaka IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, iangalie pia miji, njia za mawasiliano, na uhusiano wa kihistoria na kiuchumi, na ishauriane na wahusika wote. Kuna mipaka mingine ndani ya Malindi inayoweza kusogezwa ili sisi tuenee. Tume ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na muda wa mwisho wa kupitia mipaka, miaka 12 tangu ile ya 2012, ukapita hapo katikati, Machi 2024. Siku watakapokuja kusikiliza, watakuta wenzetu na makaratasi, sisi na manung'uniko.

Na wakati tunangoja, hata anayepinga kuhama hawezi kupinga hili: fomu za basari zipokewe Gede, japo siku mbili kwa mwezi.

Jumamosi jioni nitakuwa chini ya mwembe karibu na njia panda, nina daftari. Mwalimu, njoo. Hoja yako ya sahani nataka iandikwe kama ulivyoisema, kwa mkono wako.