Leza ya dayodi inaweza kuchukua nafasi ya hipokloriti kwenye mfereji wa mzizi?

KinywaSafi: Wakuu, habari za kazi. Wauzaji wanatembeza leza ya dayodi ya nanomita 980, wanadai ukiwa nayo huhitaji tena hipokloriti, dawa ya maji ya kusafishia mfereji wa mzizi. Kwa jino lenye usaha na kivuli kwenye ncha ya mzizi, inatosha peke yake? Inapigwaje?

Dkt_Mizizi: Haitoshi, mkuu. Leza inaua bakteria lakini haiyeyushi kiini cha jino kilichooza; kazi hiyo ni ya hipokloriti, nayo inapenya vichochoro ambavyo faili (kisindano cha kukwangulia mfereji) haigusi. Uzuri wa dayodi ni kwamba mwanga wake huingia ndani zaidi ya dentini (sehemu ngumu inayounda kuta za mfereji) kuliko dawa ya maji, na bakteria *Enterococcus faecalis* hujificha hukohuko.

Uzi wa leza wa mikroni 200 unamulika mbele, kuta za pembeni zinapata kidogo sana. Kwa hiyo anzia milimita 1 kabla ya urefu wa mfereji uliopima, uvute ukiuzungusha, kama milimita 2 kwa sekunde. Pumzisha, rudia mara 3 au 4. Wati 1 hadi 1.5 ndiyo kawaida, ila fuata kitabu cha mashine yako. Ukiusimamisha sehemu moja, dentini inaungua na kuwa nyeusi. Nje ya mzizi joto likipanda zaidi ya nyuzi 10 juu ya lile la mwili, mfupa unaumia. Meno ya mbele ya chini yana kuta nyembamba, hapo uwe makini mno.

Geji30: Naongezea upande wa dawa, maana wengi wanalaumu hipokloriti kumbe sindano ndiyo mbovu. Tumia sindano nyembamba ya geji 30 yenye tundu la ubavuni, ikomee milimita 2 kabla ya mwisho, isibane, na usukume taratibu kwa kidole cha shahada. Asilimia 2.5 hadi 5.25, mililita 2 kila baada ya faili. Mwishoni EDTA ya asilimia 17 kwa dakika 1 kuondoa utando wa vumbi la dentini, kisha hipokloriti tena. Klorheksidini (dawa nyingine ya kuua vijidudu) isikutane na hipokloriti kabisa: inatoka chembe za kahawia zinazoziba vijimirija vya dentini. Suuza kwanza kwa maji ya dripu, kausha kwa karatasi.

Mgonjwa akishtuka kwa maumivu makali, shavu likivimba na damu ikichuruzika mferejini, dawa imepita ncha ya mzizi. Acha papo hapo, suuza kwa maji ya dripu, kanda kwa baridi.

Na Jik (hipokloriti ya kufulia) iliyokaa juani au yenye manukato msiiweke kwenye jino la mtu!

Endo_Pwani: Msichanganye dayodi na leza ya erbiamu ya nanomita 2940. Hiyo inanyonywa na maji, inatengeneza viputo vinavyopasuka na kusukuma dawa mpaka pembeni. Ncha yake inabaki chumba cha juu cha jino. Bado inategemea hipokloriti na EDTA. Kwa bajeti ya kliniki ndogo, nunua kwanza ncha ya mawimbi-sauti, inayotikisa dawa mferejini: sekunde 20 mara 3, ukibadilisha dawa kila mara, na ncha isiguse ukuta.