Eti vibarua niwaweke kwenye "Mengineyo"! Huyu muuza programu mnamjua wote

MwashiWaTegeta:
Wakuu, demo ya programu ya gharama za miradi imeisha sasa hivi na damu bado inachemka. Simtaji, hakuna haja. Makandarasi wadogo wote kuanzia Tegeta hadi Mbagala ameshawapitia na laptop yake na wimbo wake wa "mfumo mmoja, biashara zote". Kaulizwa swali moja tu: malipo ya vibarua ya kila Jumamosi yanaingia wapi? Akajibu, macho makavu: "Weka kwenye Mengineyo."

Mengineyo! Wasuka nondo, wapiga zege, saidia fundi, jeshi zima linalolitoa jengo kwenye karatasi na kulisimamisha juu ya ardhi, eti wakae kapu moja na vocha na maji ya kunywa!

Programu ya gharama za miradi kazi yake ni kukwambia kazi namba 14 inalipa au inakula mtaji, na ikwambie kabla kazi haijaisha. Kila shilingi inayotoka ibebe alama mbili: namba ya mradi na sehemu ya BOQ (orodha ya kazi zote na bei zake), yaani msingi, zege, kuta, kenchi na bati, umaliziaji. Ukiwa na namba ya mradi peke yake utajua umepigwa, hutajua umepigiwa wapi. Ya kwake ina kisanduku kimoja kinaitwa "Matumizi". Na mfano aliokuja nao ni wa duka la soda. Mkandarasi anafundishwa kuhesabu kreti!

Fundi aliye kwenye orodha ya mishahara kwa 20,000 kwa siku hagharimu 20,000. Ongeza NSSF upande wa mwajiri 10%, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5%, na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) 3.5% kama mmefika wafanyakazi 10. Hapo ni 22,800. Watu 25 kwa siku 26, tofauti ni 1,820,000 kwa mwezi mmoja. Nayo niitupe Mengineyo?

Halafu akafungua ukurasa wa faida, kijani kama uwanja wa mpira. Chukueni mkataba wa milioni 120, makadirio ya gharama milioni 96. Umeshamdai mteja milioni 70, umetumia 60. Programu yake inashangilia faida ya milioni 10. Lakini mhandisi akipima saiti anakuta kazi imefika 45%. Gawanya 60 kwa 0.45, unapata milioni 133: ukiendelea hivyo unamaliza na hasara ya milioni 13. Na 45% ya mkataba ni milioni 54, kwa hiyo milioni 16 kati ya zile 70 ni kazi unayodaiwa na mteja, hujaifanya bado. Pa kuingiza kipimo cha mhandisi hapana. Yenyewe inachukua 60 inagawa kwa 96, inatangaza umefika 62.5%. Yaani kadiri unavyopoteza hela ndivyo inavyokupongeza kwamba kazi inasonga!

Na vibarua Mengineyo. Mengineyo, jamani!

Nondo16:
Mkuu punguza povu. Ulienda kwenye demo mikono mitupu ukategemea yeye akuletee mfano. Ukitaka kumjua muuzaji, chukua kazi moja iliyokwisha, BOQ yake, LPO zake (hati za kuagiza vifaa), risiti na karatasi za mahudhurio, mwambie aingize palepale mbele yako. Kama mwisho wa siku hasara ya plasta haionekani peke yake, funga laptop. Wewe umesikiliza saa nzima halafu unakuja kutulilia.

MamaStoo:
Nondo16, mwache aseme, huyo muuzaji ametuchosha. Muulizeni retensheni muone anavyobabaika. Hati ya malipo ni milioni 30, mteja anazuia 10%, inaingia 27. Ile milioni 3 inatakiwa ikae kama deni utakalomdai mteja baadaye, nusu baada ya makabidhiano na nusu muda wa matazamio (wa kurekebisha kasoro) ukiisha, kama mkataba unasema hivyo. Mfumo wake unamhesabu mteja amechelewa kulipa na kumtumia ujumbe wa kumdai kila Jumatatu.

Kipimamaji:
Na kodi ya zuio, ile mteja anayokukata na kuipeleka TRA? Kazi za ujenzi zinagawanywa 3 kwa 2, vifaa na huduma, na 5% inakatwa kwenye sehemu ya huduma tu. Kwenye milioni 30 ni 600,000. Ile si gharama ya mradi, ni kodi uliyotanguliza. Ukiiandika kama gharama unajipunguzia faida kwa mkono wako.

Daftari_Jeusi:
Mnajitesa bure. Programu ya uhasibu ya Tally ina vituo vya gharama, yaani kila mradi na hesabu yake; ERPNext nayo ni ya bure kama una mtu wa kuisimika na kuitunza. Hata Excel, ukiwa na miradi isiyozidi mitatu na mtu mmoja tu wa kuandika, inatosha.

MamaStoo:
Excel haijui LPO ambazo hazijalipwa. Umeagiza nondo za milioni 8, hazijafika, karatasi inasema bado una milioni 8 za kutumia. Unaagiza tena. Kilichoahidiwa lazima kihesabiwe siku LPO inasainiwa, usisubiri ankara.

Nondo16:
Tatizo kubwa kuliko programu ni msimamizi wa saiti. Mifuko 40 ya saruji inatoka Kigamboni inakwenda Mbezi usiku, hakuna karatasi ya uhamisho. Kigamboni inaonekana inakula hasara, Mbezi inaonekana dhahabu, na kwenye zabuni inayofuata unapiga bei ya Mbezi. Hapo hata ununue mfumo wa Marekani umekwisha.

MwashiWaTegeta:
Sawa, lakini turudi kwenye Mengineyo. Mtu anajiita mtaalamu...

LoriNaMchanga:
Wote mmemsahau mwizi halisi, mwenye lori la mchanga! Risiti ya EFD hatoi, kwa hiyo VAT huidai, na mzigo haujai. Pimeni bodi lenyewe kwa futi kamba: urefu mita 3.6, upana 2.1, kimo cha mchanga 0.6, mnapata mita za ujazo 4.5. Yeye anadai 6.

Kipimamaji:
Na mchanga wenye unyevu huvimba, hasa ule laini. Unaweza kuongezeka robo ya ujazo au zaidi. Mnanunua hewa na maji. Jaza chombo kilichonyooka, pima kimo, mwaga maji mpaka uloe kabisa, pima tena. Ukishuka kutoka sentimita 25 hadi 20, tano zote zilikuwa uvimbe.

LoriNaMchanga:
Dereva atakubali nipime kabla hajamwaga?

MamaStoo:
Iandike kwenye LPO kwamba mnalipa kwa ujazo uliopimwa langoni. Asiyetaka ageuze lori.

Daftari_Jeusi:
Na kokoto mnapimaje? Ya kwetu wiki hii imekuja nusu vumbi.